Mashua ya Kuwashia Mashine

Kazi yangu sijawahi kumweleza mtu akaielewa mara ya kwanza. Nina kibanda Mwanga, ubavuni mwa duka la vyombo, na bango langu linasema natengeneza simu na kompyuta. Hilo kila mtu analielewa. Lakini kinachonipa raha hasa, kile ambacho ningekifanya hata bila malipo, na mara nyingi ndivyo ninavyokifanya, ni kutengeneza flashi za kuwashia. Kuna mfumo wa kompyuta ambao hauna mwenyewe. Umetengenezwa na watu wa kila pembe ya dunia, wakakubaliana kwamba atakaye autumie na autengeneze apendavyo. Mimi nauchukua, naondoa nisiyoyahitaji, naongeza ninayoyahitaji, naufunga wote kuwa faili moja kubwa, kisha faili lile naliandika kwenye flashi. Ukiichomeka flashi hiyo kwenye kompyuta iliyokufa, inaamka, hata kama diski yake ya ndani imekwisha kabisa. Nimeona kompyuta nyingi zikiamka namna hiyo na bado kila mara natabasamu peke yangu kama mtu aliyepokea zawadi.

Muuza vyombo jirani yangu ananiita binti wa flashi, na anasema hii ni kazi ya watu wasio na watoto. Huenda hajakosea.

Sasa, mama yangu mdogo anakausha dagaa Kibirizi. Ni mwanamke mpana, sauti yake inafika kwenye mashua kabla mashua haijafika nchi kavu, na asubuhi yeye ndiye wa kwanza kuingia majini na beseni wakati wenzake bado wanapima baridi kwa vidole vya miguu. Yeye ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa pale mwaloni, ufukweni mashua zinaposhusha samaki. Kikundi kilipewa kompyuta kuukuu na ofisi moja iliyokuwa inanunua mpya, na mzee mmoja mwenye mashua akawaazima chumba cha kuziweka, chumba kimoja cha bati, hatua chache kutoka kwenye mchanga wa kuanikia.

Ili mtu aelewe chumba kile kilikuwa nini kwao, lazima ajue kwamba mwaloni kila kitu kina mwenyewe, na karibu kila mwenyewe ni mwanamume. Mashua zao, nyavu zao, injini zao, taa zao, barafu yao. Wanawake wana mabeseni na migongo. Chumba kile kilikuwa kitu cha kwanza pale pwani ambacho ufunguo wake uliwekwa mkononi mwa mwanamke, na mama mdogo aliufunga kwenye uzi akauvaa shingoni, ndani ya gauni. Walitaka kujifunza kuandika bei na ujumbe wao wenyewe kwa wanunuzi wa Bujumbura na Dar es Salaam, bila kumbembeleza mtoto wa mtu.

Tatizo ni kwamba kompyuta hazikuwaka. Zilikaa ndani miezi, zimefunikwa kanga, buibui wakahamia. Mwenye chumba akachoka kungoja. Alitaka kuweka majokofu ya barafu, na kusema kweli hakuwa mtu mbaya, ila chumba kisichotumika kilimkera kama jino bovu. Akamwambia mama mdogo: mbalamwezi ijayo nakuja. Nikiwakuta mnafanya kazi, endeleeni. Nisipowakuta, nakuja na futi yangu ya kupimia.

Mbalamwezi ndiyo likizo ya Kibirizi. Dagaa huvuliwa kwa taa gizani, na mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawazijali taa, kwa hiyo mashua hupumzika na wanawake nao wanapata siku za kukaa. Siku aliyosema maneno yale, mbalamwezi ya mwezi huo ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Jioni ile ile mama mdogo alikuwa mlangoni kwangu.

"Mwanangu, zile flashi zako," akasema. "Nataka zifanye kazi mwaloni. Kile chumba kikiondoka, hatutapata kingine."

Nilikwenda na flashi nimezitunga kwenye uzi kama migebuka ya ziwani. Siku ya kwanza nilichomeka ya kwanza, ya pili, ya tatu, na mashine zikaamka zote bila kuleta ubishi, jambo ambalo nilikuwa nimeanza kujipongeza kwalo moyoni. Lakini mfumo huu ukiamka huwa unaandika kila unachokifanya. Herufi nyeupe juu ya weusi, mstari baada ya mstari, mbio: nimeona kibodi, nimeona kumbukumbu, hiki sikioni, kile nakitafuta. Mimi herufi zile nazipenda, nazisoma kama nesi anavyosoma uso wa mgonjwa. Wanawake walisogeza mabenchi nyuma. Mmoja, mwembamba, ambaye mikono yake inageuza dagaa haraka kuliko mtu yeyote pale, alichomoa flashi na kunirudishia.

"Nimeigusa tu," akasema, "imeanza kunigombeza."

"Haigombezi mtu," nikasema. "Inajitambulisha."

"Mgeni akijitambulisha kwa kelele hizo," mama mdogo akasema, "hata mimi simfungulii."

Walicheka, na mimi nikacheka, lakini hakuna aliyerudisha benchi lake. Nikarudi Mwanga nimenuna.

Mfumo huu una jambo moja zuri: unaweza kuzificha herufi zile nyuma ya picha. Na si picha moja tu. Unaweza kupanga vipicha vingi vidogo vikafuatana, ikaonekana kama kuna kitu kinakwenda. Nikakaa kibandani siku nzima nikichora. Chini ziwa, juu milima ya Kongo, katikati mashua yenye injini nyuma na taa zake. Mashine ikianza kuamka, mashua inaondoka kwenye mchanga wetu. Inavyozidi kuamka, mashua inazidi kwenda. Ikipotea chini ya milima, kompyuta iko tayari. Mashine zenyewe ni za zamani, zinachukua muda wa kukaanga yai na kulila, kwa hiyo safari ilikuwa ndefu na ya kupendeza. Umeme ulikatika katikati ya kufunga faili, nikaanza upya, wala sikuudhika. Nilimwonyesha muuza vyombo, nikamwonyesha mke wake, nikawaonyesha na wateja waliokuja kununua sufuria.

Mwaloni waliipenda. Niliona kwa macho yangu: chumba kizima wameegemea mbele, mashua zote zinaondoka pamoja kwenye vioo kama zinavyofanya jioni za giza. Mama mdogo alinitazama na kutikisa kichwa kwa namna yake ya kusifu. Soketi moja ikaanza kutoa cheche, nikasema nakwenda kuleta ekstensheni, nikatoka.

Niliporudi chumba kilikuwa kitupu.

Mlango wazi, kompyuta zote zimewaka, safi, ziko tayari, na hakuna mtu hata mmoja kwenye benchi. Nilisimama na ekstensheni yangu mkononi. Nilidhani labda kuna msiba. Nikatazama nje, hakuna aliyekuwa anakimbia. Basi nikaelewa, au nilidhani nimeelewa: wamenidharau. Nimeacha kibanda, nimeacha wateja, nimechora mashua mpaka macho yanawasha, na watu wazima wameinuka wakaenda zao bila hata kuaga. Nilizizima mashine moja moja, nikizisukuma kwa vidole kana kwamba zenyewe ndizo zilizokosa, nikapanda njia ya kwa mama mdogo.

Nilimkuta uani anachambua maharage.

"Wenzako wako wapi?"

"Wamekwenda makwao."

"Kwa nini?"

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini jua linazama. "Mashua si zimeondoka?"

Nilidhani ananitania. Lakini uso wake ulikuwa mkavu, na mikono iliendelea na maharage.

"Mama mdogo, ile ni picha."

"Najua ni picha. Mimi si mtoto. Lakini picha si lazima iseme kitu? Imesema mashua inatoka. Mashua ikitoka, mtu wa Kibirizi anakwenda nyumbani, anapika, analala. Kazi ni ikirudi. Tulikaa tukaitazama mpaka ikapotea. Na wewe mwenyewe, mwenye shughuli, ukatoka mlangoni. Tukasema haya, basi, tutaitwa itakaporudi."

"Mashine zilikuwa tayari zinawasubiri."

"Nani alituambia?" akasema, akatupa punje mbovu kwa kuku.

Nilikuwa nimekulia Ujiji, nimekula dagaa wa mikono yake tangu sijaota meno, na nilikuwa nimechora mwisho wa kazi mahali pa kuweka mwanzo. Hasira ikayeyuka pale pale uani. Nilicheka njia nzima kurudi Mwanga, na mama mmoja aliyekuwa anauza muhogo kando ya barabara akaniuliza kama nimepata mchumba.

Kurekebisha nilikuona ni jambo dogo. Vipicha vina namba, nikazigeuza namba: cha mwisho kikawa cha kwanza. Nikafunga faili, nikaandika flashi zote, sikuangalia hata mara moja, maana nilijiamini. Kesho yake tukawasha. Mashua ikatokea chini ya milima, ikaanza kuja nyumbani, kinyumenyume. Injini mbele, kichwa nyuma, safari nzima kutoka Kongo.

Kwanza waliinamisha vichwa kuitazama vizuri. Kisha yule mwembamba akasema taratibu, "Nahodha amelewa."

"Hajalewa," mwingine akasema. "Amelala nje. Anaingia kwa mkewe akitanguliza mgongo."

Baada ya hapo hapakuwa na darasa tena, palikuwa na kicheko. Walishikana mabega, wakafuta machozi kwa kanga, mmoja akalala kabisa juu ya benchi. Nahodha yule akapewa ukoo, akapewa mashemeji na deni la pombe. Lakini waliicheka mpaka ikafika, na ilipofika walikuwa bado wameketi, na kioo kilipowauliza majina yao waliyaandika, kila mtu kwa kidole kimoja, wakiendelea kucheka. Hivyo ndivyo darasa lilivyoanza. Nilichora upya usiku wake, safari hii kichwa kikitangulia, na wako waliosikitika.

Mwezi ukapungua, mashua zikarudi kazini, na wao pia. Nilidhani watanitoroka. Lakini alasiri, dagaa wakishakauka na kukusanywa kwenye magunia, walikuja wawili, watatu, siku nyingine wote, na harufu yao ya ziwa na moshi. Kibodi ziliota magamba. Kuna jambo lililonifurahisha ambalo sikulipanga: mashua kwenye kioo ikikaribia mchanga, walisimama. Hawakujua kama wanasimama. Walijifunga kanga vizuri kiunoni kama watu wanaotaka kuingia majini, mashua ikagusa nchi, wakaketi na kuanza kuandika. Yule mwembamba akatuma ujumbe wake wa kwanza kwa mnunuzi wa Bujumbura. Alipojibiwa "ego", neno moja tu la kukubali, alilisoma kwa sauti tena na tena mpaka tukamwomba anyamaze.

Mbalamwezi ikafika tena, na mwenye chumba akaja. Ni mzee mrefu, magoti yamemwondoa ziwani kwa hiyo siku hizi anaendesha mashua zake akiwa kwenye kiti cha plastiki chini ya kibaraza. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia huku akikagua kuta. Mfuko wa shati lake ulikuwa umevimba. Futi ilikuwa mle, kila mtu aliiona.

"Nionyesheni," akasema.

Mama mdogo alimvutia benchi, akamchomekea flashi mwenyewe, akabonyeza. Mashua ikatokea chini ya milima. Mzee akasogea karibu, akasogea tena, mpaka pua yake ikakaribia kioo.

"Inatoka wapi hii?"

"Kazini," mama mdogo akasema.

"Imepata nini?"

Akapangusa kioo kwa kiganja, akatazama tena.

"Haijapata kitu," akasema mzee. "Tazama ilivyoelea juu. Mashua yenye dagaa, maji yanataka kuingia. Hii imerudi patupu. Nani kaichora?"

Nilisema ni mimi. Nilitaka kusema pia kwamba nimeitengeneza mashua hii mara tatu na sasa naona inatosha, lakini nilikumbuka ile futi. "Nitaishusha, mzee," nikasema kwa sauti ambayo muuza vyombo asingeamini ni yangu.

"Ishushe. Halafu hapa mbele," akaweka kidole kwenye kioo, "andika jina la mashua yangu, ile kubwa. Kwa nyekundu. Kila atakayewasha alione. Ukifanya hivyo, binti, mimi sina neno tena. Barafu nitaitafutia mahali pengine, na chumba mtakaa mpaka mzeeke."

Kwangu ilikuwa ni kazi ya kufumba na kufumbua. Herufi chache, rangi nyekundu, nafunga faili, basi. Furaha ilinipanda mpaka masikio yakapata moto. Nilikwisha fungua mdomo kusema ndiyo. Mkono wa mama mdogo ukaniangukia begani, mzito, wa mtu anayebeba magunia.

"Mzee," akasema. Aliingiza mkono ndani ya gauni, akautoa ufunguo, akaupitisha uzi kichwani, akauweka mezani mbele yake. "Chumba ni chako, ulituazima, tunashukuru. Ukikitaka leo, ufunguo huu hapa. Lakini mashua zote zilizoko huko nje ni zenu. Hii moja ni ya kwetu. Jina la mashua ya mtu hatuliandiki."

Nilimkasirikia. Siwezi kuficha. Niliona ametupa chumba kwa ajili ya herufi nyekundu ambazo nisingeziona hata mimi baada ya siku mbili. Niliwatazama wanawake wengine nikitegemea hata mmoja aseme, jamani, ni jina tu. Hakuna aliyesema. Walikuwa wameketi wima, wote, wanamtazama mwenyekiti wao. Kidole kimoja tu kilikuwa kinagonga kibodi pembeni. Yule mwembamba hakuwa ameacha kuandika.

Mzee akamgeukia. Nadhani alihitaji mahali pa kutazama. "Unaandika nini wewe?"

"Bei, mzee. Namtumia mnunuzi."

"Bei ya nini?"

"Ya dagaa wako wa mwezi uliopita, wale tunaokuuzia. Yamebaki magunia kadhaa, nataka yaondoke kabla hayajashuka bei."

Mzee alimtazama. Akatazama kioo, akatazama ufunguo. Kicheko kilianza tumboni mwake, kikapanda polepole, kikamtikisa mpaka benchi likalia. Akausukuma ufunguo kwa kidole kimoja, ukarudi upande wa mama mdogo.

"Basi ijazeni," akasema. "Haiwezekani yenu irudi patupu mbele za watu."

Akainuka kwa taabu ya magoti yake, akatuaga, akaenda kwenye kiti chake. Futi haikutoka mfukoni.

Ndani walianza kuongea wote kwa pamoja. Mama mdogo hakuwamo. Nilimkuta nyuma ya chumba, ameketi juu ya beseni lililopinduliwa, ufunguo ameufumbata kwa mikono miwili. Miguu yake ilikuwa inatetemeka, ile miguu inayoingia majini kabla ya mingine yote.

"Kaa hapa," akasema.

Nikakaa mchangani karibu naye.

"Niliogopa, mwanangu. Naogopa mpaka sasa hivi."

Sikuwahi kumsikia akilitamka neno hilo. Hakulitamka hata alipofiwa na mume. Nilimshika goti nikahisi linavyotikisika, na nilimpenda kuliko siku zote. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ningeliandika lile jina. Nilikuwa tayari kuliandika.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana nilikushika bega."

Tulikaa mpaka miguu yake ikatulia. Kisha akaniuliza kuishusha mashua majini kunachukua muda gani, maana yeye angependa ijae kabisa.